Tunacheka kwenye simu: kichekesho cha Kiswahili chetu kitabaki wapi?

Ndugu msomaji, fanya jaribio moja dogo. Fungua simu yako na uhesabu vichekesho vya Kiswahili vyenye ulipokea wiki hii. Video ya mama muuza samaki na polisi wa barabara, sauti ya mtu anaiga pasta, picha yenye maneno mawili matatu ya kuchokoza wanasiasa. Bila shaka utapata zaidi ya kumi. Sasa angalia ndani ya nyumba. Kuko hata kitabu kimoja ao gazeti moja la kuchekesha, la Kiswahili, lenye lilichapwa hapa Kongo? Watu wengi watajibu hapana.

Kwa hiyo si ukweli kusema watu wetu hawana fasihi. Fasihi iko, na inatembea kila siku kutoka simu moja mpaka nyingine. Shida ni kwamba haifike kwenye karatasi. Na chenye hakifike kwenye karatasi, mara nyingi kinapotea. Katika makala hii tunaeleza juu ya nini iko hivyo, namna gani wengine walifanya, na kama karatasi iko bado na kesho yake.

Mzee wa Jumamosi

Nianze na jambo lenye lilitupata sisi wenyewe. Miaka kadhaa nyuma, kwenye redio fulani ya mtaani nilipojifunza kazi, mzee mmoja alikuwa anakuja kila Jumamosi asubuhi na mchezo mufupi wa kuchekesha. Alikuwa anacheza watu wote yeye mwenyewe: bwana, bibi, mama mkwe, chifu wa kartie. Watu walikuwa wanangojea saa ile. Mamotari walikuwa wanasimama kando ya butiki yenye iko na redio mpaka mchezo uishe.

Sisi tulikuwa tunachukua sauti yake na kuiweka kwenye kompyuta moja tu. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu nyingi, kompyuta ikaungua. Fundi alijaribu siku tatu, akashindwa. Hatukuwa na nakala mahali pengine. Tuliona ni hasara, lakini mzee alikuwa bado mzima, tukasema ataendelea kutupatia mingine.

Alipofariki, watoto wake walikuja kwenye redio wakati wa matanga. Waliomba kitu kimoja tu: sauti ya papa wao, ili waisikilize na wajukuu. Tuliwaambia ukweli na tukasikia haya. Kitu chenye kilibaki ni kaye moja ya wanafunzi, yenye alikuwa ameandika mambo ya kukumbuka mbele ya kuingia studio. Kurasa karibu makumi mawili, kwa biki ya bluu, maneno mengine hayasomeke. Kaye ile ya bei ya chini ilishinda kompyuta ya mamia ya dola.

Tangu siku ile, kila mtu akiniambia karatasi imekufa, nakumbuka kaye ile.

Lubumbashi: kundi lenye lilichekesha inchi kwa Kiswahili

Tusifikiri kichekesho cha Kiswahili kilianza na simu. Kule Lubumbashi kulikuwa kundi la Mufwankolo. Kwa miaka mingi waigizaji hawa walicheza kwenye redio, kwenye televisheni na mbele ya watu, kwa Kiswahili cha Lubumbashi chenye raia walikuwa wanaongea sokoni na kwenye kambi za wafanyakazi. Walionyesha mambo ya kila siku: ndoa, deni, ulevi, uchawi, kazi, tamaa ya cheo. Mkaaji wa Lubumbashi wa umri mkubwa ukimutajia jina Mufwankolo, anaanza kucheka mbele haujamaliza.

Namna yao ya kutunga ni jambo la kuelewa vizuri. Hawakuandika mchezo mzima kwenye karatasi na kuukariri. Walikaa pamoja, wakapatana juu ya wazo, wakagawa sehemu, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake wakati wa mazoezi. Mchezo ulizaliwa katika mazungumzo. Ndiyo maana ulikuwa mtamu, na ndiyo maana pia hakukuwa kitabu cha kubaki nyuma.

Katika mwaka 1986 jambo moja lilibadilisha hali hiyo kidogo. Mtaalamu mmoja wa mila na lugha, Johannes Fabian, mwenye alikuwa amefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, aliuliza kundi maana ya neno moja lenye alisikia katika chakula na marafiki: kwamba utawala unaliwa mzima, haugawanywe. Badala ya kumujibu kwa maneno mawili, kundi liliamua kutengeneza mchezo mzima juu ya neno lile. Mchezo uliitwa kwa Kifaransa *Le pouvoir se mange entier*. Fabian alifuata mazoezi yao, akachukua sauti, akaandika neno kwa neno. Katika mwaka 1990 kitabu chake, *Power and Performance*, kilichapwa Marekani, na maneno ya waigizaji yako ndani kwa Kiswahili chao, pamoja na tafsiri.

Angalia jambo hili vizuri. Mtoto wa Lubumbashi akitaka leo kusoma maneno ya mchezo ule, anapaswa kutafuta kitabu cha Kiingereza chenye kilichapwa mbali, chenye bei yake inaweza kuwa mushahara wa mwalimu. Tunamushukuru mgeni mwenye alihifadhi. Lakini michezo mingine mamia yenye hakuna mgeni aliuliza habari yake, iko wapi?

Kitabu chenye kinasomwa kwa sauti

Kuko mfano mwingine wa Lubumbashi, wenye si wa kuchekesha, lakini unatufundisha sana juu ya karatasi. Katika mwaka 1965, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, watu wenye walikuwa wametumika kama maboyi katika nyumba za Wazungu waliamua kuandika historia ya mji wao. Mwandishi wao aliitwa André Yav. Kitabu kilipewa jina la Kifaransa, *Vocabulaire de la ville d'Elisabethville*, lakini ndani ni Kiswahili cha mji ule. Hakikutoka katika nyumba kubwa ya kuchapisha. Kilipigwa kwa mashini ya kuandikia, kikatolewa nakala chache.

Wataalamu walipokipata, walipata shida kukisoma. Maneno yalikuwa yamegawanywa ovyo, mengine yameunganishwa, alama za kupumzika hakuna. Ilionekana kama kazi ya mtu mwenye hajui kuandika. Lakini mtu wa Lubumbashi alipokisoma kwa sauti, kila kitu kilifunguka. Pumzi ilienda mahali pake, maana ikatoka. Kumbe Yav alikuwa ameandika namna watu wanaongea. Karatasi ile ilikuwa inangojea kinywa.

Hapo kuko somo kubwa kwa mtu mwenye anataka kuchapa vichekesho vyetu. Wengi wanaogopa kuandika kwa sababu wanasema Kiswahili chetu si Kiswahili bora, kile cha shule ao cha Tanzania. Lakini chukua mchezo wa afande na mama muuza makala kwenye barierè. Afande anaanza kwa Kifaransa kikubwa chenye yeye mwenyewe hakielewe vizuri. Mama anamujibu kwa Kiswahili cha mtaani. Afande akikasirika, anatupa Lingala. Kicheko kiko pale, katika kupita kutoka lugha moja mpaka nyingine. Ukiweka wote waongee Kiswahili safi, mchezo umekufa, hata kama sarufi iko sawasawa.

Juu ya nini Kinshasa walichapa, na sisi kidogo tu?

Kongo iko na historia ya kweli ya magazeti ya kuchekesha na ya vitabu vya picha, vyenye tunaita BD. Katika mwaka 1968, gazeti *Jeunes pour Jeunes* lilianza Kinshasa. Vijana walilipenda sana kwa sababu wahusika wake waliongea namna vijana wa mji walikuwa wanaongea, Kifaransa kimechanganywa na Lingala na maneno ya mtaani. Wakati wa siasa ya kurudia uasili, gazeti lilichukua jina *Kake*.

Baadaye, katika mwaka 1990, mchoraji mwenye anajiita Mfumu'Eto alianza kutoa vitabu vyake vidogo vya Lingala. Alichora yeye mwenyewe, akaandika yeye mwenyewe, akatafuta namna ya kuchapa kwa bei ndogo, akapeleka sokoni. Karatasi ya bei ya chini, rangi nyeusi na nyeupe. Hadithi yake ya kwanza yenye ilijulikana sana ilikuwa ya nyoka mwenye anameza mwanamuke na kutapika pesa. Watu wa Kinshasa walielewa haraka kwamba hapo hakuna habari ya nyoka tu. Walikuwa wanaona utajiri wa wakubwa na namna unapatikana. Katika mwaka 2015, kazi zake zilionyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, *Beauté Congo*. Karatasi yenye iliuzwa kando ya barabara ilifika kwenye ukuta wa jumba la sanaa.

Na upande wetu? Wachoraji hawakukosekana. Barly Baruti, mmoja wa wachoraji wakubwa wa BD wa Kongo, alizaliwa Kisangani katika mwaka 1959. Waandishi pia wako. Fiston Mwanza Mujila, mwenye alizaliwa Lubumbashi katika mwaka 1981, alitoa *Tram 83* katika mwaka 2014, kitabu chenye kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na yeye mwenyewe anapenda kukisoma mbele ya watu pamoja na muziki, kwa sauti ya juu, karibu kama mchezo. Sinzo Aanza, mzaliwa wa Goma, alitoa *Généalogie d'une banalité* katika mwaka 2015. Lakini vitabu hivi viliandikwa kwa Kifaransa na kuchapwa Ufaransa. Mama wa Uvira ao wa Kindu mwenye alisoma mpaka darasa la sita hawezi kuvifikia, hata kama hadithi ni yake.

Sababu za hali hiyo ni nyingi, na tuzipange moja kwa moja.

Ya kwanza ni shule. Katiba ya mwaka 2006 inasema Kifaransa ni lugha ya utawala, na inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini mtoto anapopanda darasa, Kiswahili kinabaki mulangoni. Anatoka segondere anajua kuandika barua ya kuomba kazi kwa Kifaransa, lakini hajawahi kuandika ukurasa mmoja wa lugha yenye anaota nayo usiku.

Ya pili ni njia. Kinshasa ni soko moja kubwa. Mutu mmoja anaweza kutembea na gazeti kwa mguu na kufikia watu maelfu. Sisi tuko miji mbalimbali, katikati kuko barabara mbaya, ziwa, pori, na mara nyingi vita. Gazeti likitoka Bukavu kwenda Bunia, bei ya safari inaweza kupita bei ya gazeti.

Ya tatu ni redio. Hapa tujisemee sisi wenyewe ukweli. Redio za Kiswahili zimejaa mashariki, na zilifanya kazi nzuri. Radio Okapi, tangu mwaka 2002, inatoa habari kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Redio za mtaani zinafika mahali gazeti halifike. Msikilizaji hahitaji kujua kusoma, hahitaji kununua kila siku. Kwa hiyo mchekeshaji alipata njia ya haraka, na karatasi ilisahauliwa. Redio iliokoa kicheko chetu kwa siku moja, lakini sisi watu wa redio hatukufikiri juu ya miaka makumi mbili ya mbele.

Simu inatoa sifa, lakini inashika kidogo

Leo simu imechukua nafasi ya redio kwa vijana. Mchekeshaji wa miaka ishirini hahitaji ruhusa ya mutu. Anachukua video mbele ya palisele yao, anaituma, na jioni watu wa Bujumbura, wa Kigoma, mpaka ndugu wenye walikimbilia Ulaya na Kanada, wanacheka. Hiyo ni nguvu kubwa, hatuwezi kuidharau.

Lakini tuangalie namna inafanya kazi. Video inakula mega, na mega ni pesa. Watu wanapokea, wanacheka, kisha wanafuta ili simu ipate nafasi. Mwenye kutunga hajulikani tena, maana watu wanakata jina lake na kutuma upya. Simu ikiibiwa, karte memwari inaenda nayo. Nywila ikisahauliwa, kazi ya miaka mitatu imefungwa mulango. Na wakati wa vita, watu wanakimbia na chenye mikono inaweza kubeba. Wengine wanafuta kila kitu katika simu kwa kuogopa kukaguliwa njiani.

Tena kuko jambo la pesa. Kuonwa na watu elfu hamsini si sawa na kulipwa na watu elfu hamsini. Wachekeshaji wengi wa kwetu wanapata mkate kwa kutangaza butiki, kuongoza arusi, ao kucheza katika mikutano ya mashirika yenye yanataka ujumbe juu ya kipindupindu ao uchaguzi. Hiyo ni kazi ya heshima, lakini mwenye kulipa ndiye anachagua kicheko.

Wengine walifanya namna gani?

Tusafiri kidogo. Katika Abidjan, Kodivaa, gazeti la kuchekesha *Gbich!* lilianza katika mwaka 1999. Mchoraji Lassane Zohoré na wenzake walitumia lugha ya mtaani ya Abidjan na wahusika wenye kila mtu anawajua: Cauphy Gombo, mfanyabiashara mwenye tamaa bila huruma, ao Tommy Lapoasse, polisi mwenye mkono uko mfukoni mwa wengine. Siri yao ilikuwa mhusika. Mtu hakununua tu gazeti, alinunua habari mpya za Cauphy Gombo. Na mhusika mwenye kupendwa anaweza kutoka kwenye karatasi na kwenda kwenye televisheni.

Karibu na sisi, Tanzania, gazeti la *Sani* lilikuza wasomaji kwa katuni za Kiswahili, na mhusika kama Ndumilakuwili alijulikana inchi nzima. Mchoraji James Gayo naye alimuleta Kingo. Pale hakuna mtu aliuliza kama Kiswahili kinafaa kuchekesha kwenye karatasi. Kilifaa, na watu walinunua.

Ufaransa, *Le Canard enchaîné* lilianzishwa katika mwaka 1915, na bado linatoka kila Jumatano. Linachanganya kicheko na uchunguzi wa siri za wakubwa. Halikubali matangazo ya biashara. Msomaji ndiye analipa, kwa hiyo hakuna mfanyabiashara anaweza kulitisha kwamba ataondoa pesa zake.

Mfano wa mwisho ni wa Marekani. *The Onion*, gazeti la habari za uongo za kuchekesha, lilianza katika mwaka 1988. Mwisho wa mwaka 2013 liliacha karatasi, likabaki kwenye intaneti tu. Watu walisema basi, karatasi ya kicheko imekwisha. Lakini katika mwaka 2024, wenye kulinunua walilirudisha kwenye karatasi, na kulituma kwa posta kwa watu wenye wanalipa mbele. Sababu yake ni rahisi: kwenye simu, kichekesho kinashindana na vitu elfu moja kwa dakika, kwenye karatasi, kinabaki mezani, mgeni anakikuta, anakisoma.

Hatuna posta kama ile, na hatuna pesa kama zile. Lakini wazo moja tunaweza kulichukua: kuuza kwanza, kuchapa nyuma.

Hesabu ya karatasi

Watu wanasemaka kuchapa ni kazi ya matajiri. Tufanye hesabu pamoja, kwa bei ya mfano tu; wewe utaweka bei ya mji wako.

Chukua karatasi ya kawaida ya A4, uikunje katikati. Unapata kurasa ndogo nne. Karatasi nne zinatoa kijitabu cha kurasa 16. Kwenye sekretaria wanapopiga fotokopi, hizo ni pande nane. Tuseme upande mmoja ni faranga 100: unalipa 800. Ongeza faranga 200 za ganda na za kushonea. Kijitabu kimoja kimekula faranga 1000. Nakala 100 ni faranga 100.000.

Ukiuza kijitabu kwa faranga 1500, na ukimuachia muuzaji 300, wewe unapokea 1200. Ili urudishe pesa yako, unapaswa kuuza nakala 84. Ukiuza zote 100, umepata faranga 20.000. Ukiuza 40 tu, umepoteza faranga 52.000.

Unaona shida iko wapi. Bei ya fotokopi haipunguke: nakala ya mia moja inakula sawa na ya kwanza. Mashini kubwa ya kuchapa iko tofauti: kutayarisha ni gali, lakini kisha kila nakala inashuka bei. Kwa hiyo mashini kubwa inafaa kwa maelfu, fotokopi inafaa kwa mia. Mchekeshaji mwenye anakimbilia kuchapa nakala elfu moja bila kujua nani atanunua, ndiye anabaki na makartoni chini ya kitanda, na panya ndio wanasoma.

Lakini geuza hesabu ile. Uko na watu elfu kumi wenye wanakufuata kwenye simu. Waambie: nitatoa kijitabu cha vichekesho kumi, mwenye kutaka atume pesa mbele kwa simu. Wakikubali hata watu 120 tu kati ya elfu kumi, unachapa nakala 120 bila kukopa, na bila muuzaji wa katikati. Unalipa 120.000, unapokea 180.000. Faranga 60.000 si utajiri. Lakini hakuna deni, na kuko nyumba 120 zenye ziko na kazi yako.

Hapo simu na karatasi haziko adui tena. Simu inaita watu, karatasi inashika.

Karatasi iko na hatari yake

Tusidanganyane. Neno la kinywa linaweza kukataliwa. Neno lenye limechapwa liko na sahihi yako. Katika majimbo yetu, mwenye kuchekesha juu ya watu wenye silaha ao wenye vyeo anaweza kutafutwa nyumbani, na karatasi ndiyo inakuwa ushahidi.

Wazee wetu walijua hiyo. Kundi la Mufwankolo lilicheza mchezo juu ya utawala wenye unaliwa mzima wakati wa Mobutu, katika mwaka 1986. Hawakutaja kiongozi wa inchi. Walipeleka hadithi kwenye kijiji, kwa chifu na watu wake. Mwenye masikio alisikia. Mfumu'Eto alitumia nyoka. Kichekesho cha karatasi kinahitaji akili hiyo, kwa sababu karatasi haiwezi kukonyeza jicho kama mchezaji. Maneno yenyewe ndiyo yanapaswa kukonyeza.

Kuko kanuni nyingine yenye nimejifunza katika kazi ya redio. Kumucheka mwenye nguvu ni jambo moja. Kumucheka mukimbizi, mlemavu ao kabila la jirani ni jambo lingine. Hapa kwetu, kichekesho juu ya kabila kimeshatumika kama kuni za moto. Na chenye kimechapwa, moto wake unakaa siku nyingi.

Kesho ya karatasi

Basi karatasi iko na kesho? Kwa habari za kila siku, nafikiri hapana, kwa upande wetu. Redio na simu zimeshinda, na zitaendelea kushinda. Gazeti lenye linafika nyuma ya siku tano na habari zenye watu walisikia Jumatatu, hakuna atalinunua.

Lakini kwa vitu vyenye tunataka vibaki, jibu langu ni ndiyo. Kijitabu hakiombe umeme, hakiombe mega, hakiombe nywila. Kinaweza kusomwa kwa sauti katika darasa, na mtoto mwenye anacheka wakati anasoma, anajifunza kusoma haraka. Kinaweza kupita mikono ishirini. Nakala tano, moja kwa familia, moja kwa shule, moja kwa parokia, moja kwa redio, moja kwa ndugu wa mji mwingine, haziwezi kuungua zote siku moja.

Kama wewe ni mchekeshaji, ao uko na mchekeshaji katika familia, anza na mambo madogo. Andika mchezo kwenye kaye namna unaongea, usiogope sarufi. Mpe mtu mwingine aisome kwa sauti. Pahali anakwama, pale ndipo unatengeneza. Andika jina lako na tarehe juu ya kila ukurasa. Piga fotokopi mbili, uziweke mahali pawili tofauti. Hiyo haifike faranga elfu kumi.

Ile kaye ya mzee wa Jumamosi iko bado kwa binti yake mukubwa. Mwaka uliopita nilimuomba ruhusa, tukakaa siku mbili, mimi nasoma, yeye ananirekebisha, sababu anakumbuka sauti ya papa wake: hapa alikuwa ananyamaza kidogo, hapa alikuwa anakohoa kama mama mkwe. Tulipata michezo saba yenye inasomeka. Mitano mingine imebaki nusu nusu. Tulitoa nakala thelathini kwa fotokopi, za watoto na wajukuu.

Mjukuu mmoja mwenye hakumujua babu yake alisoma ule wa chifu wa kartie mbele ya watu, jioni, kwenye palisele. Alisoma polepole, akakosea maneno. Watu wakacheka pahali paleplae wasikilizaji walikuwa wanacheka zamani.